Njia ya Watoto Aliyoichora Odette

Ijumaa iliyopita nilirudisha funguo za stoo ya vifaa, nikasaini daftari, nikaagwa kwa keki na kwa maneno mengi ambayo nusu yake hayakuwa ya kweli. Ninyi mnaobaki pale msituni mliniambia, "Papa Kashindi, tuandikie mambo ya kazi, usiondoke nayo yote kichwani." Basi naandika. Nani alipanda cheo na mwaka gani, hayo yako kwenye mafaili ya ofisi, kayatafuteni huko. Mimi nitasema nilivyoanza, aliyenifundisha, na vifaa. Halafu nitasema juu ya njia ya watoto, kwa sababu mnachokijua juu ya njia ile ni nusu tu. Nusu nyingine iko kwangu, na siyo nzuri. Asiyetaka kusoma habari za mzee mwenye wivu aishie kwenye vifaa.

Kwetu Uvira, Kongo, nilikuwa kantoniye. Kwa wasiojua, huyo ni mtu anayepewa kipande cha barabara ya udongo, jembe na koleo, akaambiwa: barabara hii isife. Watu wanadhani barabara inauawa na malori. Inauawa na maji. Miaka kumi na moja nilitembea na maji: wapi yanaingia, wapi yanageuka, wapi yanajificha chini ya udongo mzuri na kuula kwa ndani. Nilipofika Durban ujuzi huo haukuwa na pa kwenda. Nilipanga mtaa wa Albert Park, chumba kimoja kilichogawanywa kwa mapazia, familia tatu ndani yake. Nikawa mlinzi wa magari kwenye maegesho ya duka moja katikati ya mji. Unavaa kizibao cha rangi ya machungwa, unapunga mkono, unasema "sharp, boss", yaani sawa, mkubwa, gari linaondoka. Miaka minne nilisema "sharp, boss".

Mtu wa kanisani kwetu ndiye aliyeniambia kwamba juu ya mji wa Pinetown, nje ya Durban, kuna msitu wenye njia za baiskeli na wanatafuta watu wa kuchimba. Siku ya kwanza nilishuka taksi kwenye robot, yaani taa za barabarani, isiyo yangu, nikapanda kilima kwa miguu, nikafika nimechelewa na viatu vya ibada. Msimamizi wa uchimbaji alikuwa Mzulu mmoja mrefu, kila mtu alimwita Baba Cele. Alinitazama viatu, akanipa sururu. Saa ya chai akaja kukaa karibu yangu.

"Kwenu ulifanya kazi gani?"

"Barabara."

"Nilijua. Wengine wote wakifika hapa wanaangalia njia. Wewe tangu asubuhi unaangalia mtaro."

Hivyo ndivyo nilivyopata mwalimu. Baba Cele alinifundisha kwamba njia ya baiskeli isiteremke kwa ukali unaozidi nusu ya ukali wa kilima chenyewe, la sivyo maji yataifanya mto. Alinifundisha kuilaza njia kidogo upande wa bonde ili maji yavuke yasikae, na kila baada ya hatua chache kuipandisha kidogo ili yakose pa kukimbilia. Kutokata mzizi mnene kuliko kifundo cha mkono. Kuondoa majani makavu yote mpaka uone udongo mwekundu, kwa sababu njia iliyojengwa juu ya majani ni zulia tu. Vifaa vyetu vilikuwa vichache: sururu, koleo, msumeno wa mkono, toroli lenye gurudumu linalolia, na kile chombo chenye meno upande mmoja na bapa la jembe upande mwingine, ambacho mpaka leo sijui jina lake na sisi tulikiita "mnyama". Na kipimo cha mteremko, kidogo kama sanduku la kiberiti. Unakiweka jichoni, unamtazama mwenzako aliyesimama mbele, kinakuambia ukweli ambao miguu inakuficha. Baba Cele hakumruhusu mtu mwingine kukishika. Mwaka wa tatu akaniwekea mkononi bila hotuba, akaenda zake kunywa chai. Sijawahi kupewa kitu kikubwa kuliko kile.

Alipostaafu nikakaa mahali pake. Ndipo akaja Odette.

Odette ni Mrundi, na wengi wenu mnamjua sasa akiwa mkubwa wenu. Wakati ule alikuwa akikaanga viazi kwenye mkahawa wetu pale langoni. Kabla ya hapo alisuka nywele miaka mingi kwenye saluni moja mjini, amesimama kutwa, mpaka miguu ikamvimba. Saa ya mapumziko wenzake walikaa kwenye simu. Yeye alishuka na aproni yake kuja kututazama tunachimba. Siku moja akaniambia, "Papa Kashindi, mimi naweza hiyo kazi."

Nilimwombea nafasi kwa Gill, meneja wetu. Kusema kweli nilidhani atamaliza wiki moja. Alimaliza wiki, akamaliza mwezi, na nikaanza kumfundisha kama nilivyofundishwa. Mwanzoni nilijivuna naye kama binti yangu. Alikuwa na jicho. Ukimsimamisha juu ya kilima, ananyamaza, kisha anaonyesha kwa kidole: hapa, hapa, halafu pale. Nilimuuliza anaonaje. Akasema ni kama kichwa cha mteja: kabla hujagusa chanuo unajua msitari utapita wapi, na ukilazimisha pengine nywele zitakukatalia.

Mimi sikuwahi kuona njia namna hiyo. Mimi nilipima, nikatembea, nikapima tena, nikakosea, nikarekebisha. Njia zangu zilikuwa nzuri baada ya jasho. Zake zilikuwa nzuri tangu kidole.

Wivu haukuja siku moja. Kwanza mwendesha baiskeli mmoja alisimama, akavua kofia ngumu, akauliza nani aliyetengeneza kona ile ya juu, maana ameshuka akicheka peke yake. Nikamwambia Odette. Alikwenda kumtafuta ampe mkono, na mimi nikabaki nimeshika toroli. Halafu Gill akaanza kuuliza kwenye mikutano ya Jumatatu, "Odette anaonaje?" Zamani aliuliza, "Kashindi anaonaje?" Ni neno moja tu lililobadilika. Nililihesabu kila Jumatatu.

Sasa njia ya watoto. Wazazi walikuwa wanakuja Jumamosi na baiskeli zao, na watoto wadogo wenye baiskeli ndogo hawakuwa na pa kwenda, kwa hiyo walizunguka kwenye maegesho katikati ya magari. Siku moja gari lilirudi nyuma, likasimama umbali wa mkono kutoka kwa kitoto kilichoanguka. Mama yake alipiga kelele ambayo mimi niliisikia toka msituni. Jumatatu Gill akasema: tutajenga njia ya watoto kwenye kale kamsitu chini ya maegesho, kabla ya likizo ya shule.

Njia ile nilikuwa naibeba kichwani miaka mingi. Nilipita kamsitu kale kila siku nikienda stoo, na kila siku niliongeza kona. Nilikuwa nimekwisha kuipa hata jina. Kwa hiyo Gill aliposema, "Kashindi na Odette, kila mmoja aweke utepe wa njia yake, tutachagua," nilitabasamu kwa adabu. Moyoni donge likanikaba. Kwa nini kila mmoja?

Mimi nilichukua utepe wa buluu, yeye wa waridi. Kwa siku kumi tulifunga tepe kwenye miti na vijiti. Tumbili walishuka wakachukua za kwangu nyingi kuliko zake, nikasema hata tumbili wana upendeleo. Watu wakacheka, na mimi sikuwa natania.

Odette aliazima baiskeli ya binti yake, ile yenye magurudumu madogo kama sahani, akaisukuma msituni hatua kwa hatua. Kwenye mzizi ambao gurudumu kubwa halitausikia, gurudumu lile lilikwama. Akapiga magoti, akatembea kwa magoti njia nzima, ili aone mtoto anaona nini. Vijana wetu walimcheka na mimi nikacheka nao, kwa sauti kubwa kuliko wote. Jumamosi akaleta watoto watatu wa ghorofani kwao, akawaacha wacheze mle, akakaa juu ya gogo anaangalia wanageukia wapi wenyewe. Aligundua kwamba mtoto haangalii njia inakokwenda. Anaangalia kile anachokiogopa, na anakiendea. Kwa hiyo kila kona yake aliiweka mahali ambapo jicho la mtoto linakuta kitu kizuri upande wa kutokea. Jiwe kubwa, mti wenye shimo, mwanga.

Mambo hayo sikuyafikiria katika miaka yangu yote. Niliyaona anayafanya, nikajitia hamnazo.

Siku ya tisa alinijia. Tulikuwa chini, karibu na mkalitusi ulioanguka, penye kibonde kidogo kikavu kilichojaa majani. Njia yangu ya buluu ilikizunguka kibonde kile kwa mbali, ikapoteza hatua karibu arobaini. Yake ilikipita moja kwa moja, na ilikuwa sehemu nzuri kuliko zote: mtoto anashuka, anapanda, anahisi tumbo linaruka.

"Papa, nakuuliza kitu," alisema. "Kwa nini wewe ulizunguka? Pale chini iko nini?"

Pale chini ndipo maji ya bomba yanapopita. Juu, chini ya vichaka vya miiba, bomba linatoa maji yote ya mvua ya maegesho. Niliwahi kulizibua mimi na Baba Cele mwaka wangu wa kwanza. Miezi ya baridi Durban hainyeshi, kibonde kinakauka, majani yanakifunika, na mtu mgeni hawezi kujua. Mvua za miezi ya joto zikija, pale panapita mto.

Nilimtazama. Alikuwa na majani kwenye magoti.

"Hakuna kitu," nikasema. "Nilipenda kivuli tu."

"Sawa, Papa. Asante."

Akashukuru. Akaenda zake na majani yale magotini, na bado sikumwita arudi.

Gill alimwomba Baba Cele aje kuamua. Alikuja na fimbo, mguu mmoja umeanza kumsumbua. Alitembea buluu, akapumzika, akatembea waridi. Nilijua atachagua yangu. Mimi ndiye niliyepewa kipimo kile mkononi. Alirudi, akakaa kwenye ukingo wa toroli, akasema mbele ya wote:

"Kashindi, yako ni nzuri. Ni njia ya mtu mzima iliyopunguzwa. Hii ya huyu mama ni ya mtoto."

Baadaye alinifuata stoo. "Umekasirika?"

"Hapana, Baba."

"Uongo huo. Kibonde kile, je? Maji?"

Alikumbuka nusu. Alikuwa mzee, na alikuwa ananiuliza mimi, mtu wa maji. Nikamjibu kwamba nitakishughulikia wakati wa kujenga. Akaridhika, kwa sababu aliniamini. Kwa hiyo hesabuni: nilidanganya mara mbili juu ya maji.

Tulijenga miezi ya baridi. Mimi nilisimamia uchimbaji, yeye alisimamia msitari, na nilimpa kila alichoomba, kwa wakati, bila kosa na bila joto. "Kama unavyotaka, shefu," nilimwambia kila asubuhi, kama anavyoitwa mkubwa wa kazi kwetu. Alikuwa hapendi kuitwa hivyo na mimi. "Papa, usiniite shefu." "Sawa, shefu." Kibonde nilikijaza udongo, nikaushindilia vizuri, juu pakawa laini kama sakafu. Chini sikuweka kitu. Nilijiambia kwamba mchoro ni wake, na mchoro wake hauna mfereji. Mtu akiwa na wivu anakuwa mwanasheria mzuri sana.

Siku ya kufungua watoto walikuja kama kuku waliofunguliwa bandani. Walishuka, wakapanda kwa kusukuma, wakashuka tena, mpaka wazazi wakachoka kuwangoja. Mama mmoja mwenye kamera alitaka picha ya Odette. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na koleo. Mama yule akaniomba kwa upole nisogee kidogo, nauziba mti. Nikasogea.

Mvua ilichelewa mwaka ule. Ilipokuja, ilinyesha Alhamisi yote na Ijumaa yote, na Jumamosi asubuhi anga ikawa safi kama haikufanya kitu. Siku mbili zile sikula vizuri. Mke wangu aliniuliza naumwa nini, nikasema mgongo. Jumamosi nilipanda taksi ya kwanza, nikafika kabla ya wote, nikashuka moja kwa moja kibondeni.

Kwa macho hapakuwa na tatizo. Udongo umetulia, umelowa, mzuri. Nikapiga kisigino karibu na ukingo. Pakalia kama ngoma.

Mnajua maana yake, kama nimewafundisha vizuri. Maji yalikuwa yamepita chini, yamekula ndani, yamebakiza ganda. Gurudumu moja lenye mtu juu yake lilitosha.

Utepe mwekundu wa kufungia njia ulikuwa stoo, juu ya kilima. Nilitakiwa kukimbia. Nilitembea. Nilitembea polepole kwa sababu nilikuwa natunga maneno: nikifunga njia, wataniuliza nimejuaje, nami niseme nini? Niseme nimegundua leo? Niseme nilikuwa na wasiwasi tangu zamani? Langoni nikamkuta mlinzi, akanisalimu, nikasimama nikamuuliza habari za nyumbani na za mtoto wake aliyekuwa na surua. Nilisimama pale nikizungumza juu ya surua.

Odette alikuwa na desturi ambayo niliijua. Kila Jumamosi, kabla lango la watoto halijafunguliwa, alipanda baiskeli ya binti yake, magoti yamegusana na viwiko, akashuka njia nzima mwenyewe ili aijaribu. Siku zote alikuja saa mbili. Siku ile, kwa sababu ya mvua, alikuja mapema, akashuka bila mimi kumwona.

Nilisikia sauti yake toka chini. Haikuwa ndefu.

Nilipofika, ganda lilikuwa limefunguka, shimo la kunifika kiunoni, na yeye ndani yake, baiskeli juu ya mguu wake, mkono wa kushoto umekaa vibaya. Nilimtoa. Hakulia. Nilimshika begani tukapanda, na pale juu kwenye maegesho kulikuwa na watoto kumi na wanne wamevaa kofia, wanangoja lango lifunguliwe. Mmoja alimwuliza, "Auntie, umeanguka?" Akamwambia ndiyo, leo njia imelala, tutaiamsha siku nyingine.

Gill alileta gari. Odette alipoingia, alinigeukia, akaniambia kwa Kiswahili ili Gill asielewe:

"Papa, nilikuuliza."

Mlango ukafungwa.

Jumatatu Gill aliniita ofisini. Hakuwa anajua kitu. Alisema amefikiri sana, kwamba labda yeye na Baba Cele walikosea kuchagua, kwamba Odette ana kipaji lakini hana uzoefu wa maji. "Nataka uichukue wewe, Kashindi. Ijenge upya kwa msitari wako."

Sitawadanganya tena, hata ninyi: nilifurahi. Nilitoka ofisini nimenyooka. Nilikwenda mpaka msituni nikaona vipande vya utepe wangu wa buluu bado vimening'inia hapa na pale, nikaanza kuvihesabu. Furaha ile ilidumu mpaka Jumanne mchana. Nilikuwa nimekaa na mkate wangu juu ya mkalitusi ulioanguka, nikatazama lile shimo, nikajua kwamba nikijenga njia ile nitapita pale kila siku mpaka nistaafu na nitakuwa mwizi kila siku.

Jumanne ile baada ya kazi nilikwenda Albert Park, jengo analoishi. Lifti ilikuwa imekufa, kama kawaida. Ghorofa ya saba. Nilipofika juu nilikuwa sina pumzi, ikawa vizuri, maana sikuwa na maneno pia. Odette alikuwa amekaa, mkono kwenye plasta. Jirani yake alikuwa anamsuka binti yake, na yeye anaongoza kwa kidevu: "Hapana, anza juu ya sikio." Aliponiona aliwaambia waende chumba cha jirani.

"Kaa, Papa."

Nikakaa. "Gill hajui," nikasema. "Hukumwambia."

"Sikumwambia."

"Kwa nini?"

"Nilingoja nione wewe ni mtu wa namna gani."

Basi nikasema. Bomba, Baba Cele, udongo nilioujaza, kisigino, ngoma, surua ya mtoto wa mlinzi. Sikuruka kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa anatazama vidole vyake vilivyotokeza kwenye plasta, vimevimba.

"Ulinionea wivu," alisema.

"Ndiyo."

"Mimi? Mimi niliyekuwa nakaanga viazi?"

"Wewe."

Akaweka mkono wa plasta juu ya goti. Halafu hasira ikaja, na sijawahi kumwona mtu mwenye hasira ya kimya namna ile. "Hii mikono nilisuka nayo miaka tisa kulisha mtoto. Lakini acha mikono. Watoto kumi na wanne, Papa. Ungekwenda kukaa kwa mama yupi, umwambie nini?"

Nikatazama vidole vile.

"Kesho utamwambia Gill," alisema. "Siyo kwa ajili yangu. Ninaweza kusema mwenyewe. Utamwambia wewe."

"Nitamwambia."

"Na mkono ukipona utanifundisha maji. Yote. Usinibakizie."

Nilimwambia Gill asubuhi yake. Alinisikiliza akiwa amesimama, kisha akakaa. Nilipewa barua ya onyo, na usimamizi wa uchimbaji ukaenda kwa Odette, na vyote viwili vilikuwa haki. Nilimkabidhi Odette kipimo cha mteremko mbele ya wote. Baba Cele alipata habari. Hakupokea simu zangu mwaka mzima. Alipokuja kupokea, aliongea juu ya mguu wake tu.

Njia hatukuibadilisha. Msitari wake ulibaki pale pale, juu ya kibonde. Chini yake nilijenga mfereji wa mawe wa kikantoniye, bila saruji, kila jiwe limemwegemea mwenzake, mdomo mpana juu, mwembamba chini, ili maji yakimbie yasiache matope. Odette alisimama na plasta yake ananiuliza: kwa nini jiwe hili limelala na lile limesimama? Kwa nini unaacha nafasi pale? Nilimjibu yote. Nilimwonyesha bomba, nikamwonyesha namna ya kusoma majani makavu yalivyolala baada ya mvua, maana yanaonyesha maji yalikopita hata kama udongo umekauka. Nilimfundisha kisigino. Mvua kubwa iliyofuata tulisimama wawili chini ya mwavuli mmoja, mchana, tukatazama maji yanaingia kwenye mawe na kutoka upande wa pili, na njia juu yake imekaa kavu. "Eish," alisema kwa mshangao. Kwa muda wa dakika tano nadhani tulikuwa marafiki.

Mngependa niseme kwamba wivu uliisha pale. Haukuisha. Nilifanya kazi chini yake miaka yangu yote iliyobaki. Alipoitwa kuchora njia kwenye shule moja Pinetown, chai yangu ilikosa ladha. Walipokuja watu kutoka mbali kupiga picha kona zake, nilikwenda kunoa majembe yasiyohitaji kunolewa. Nilichojifunza ni kidogo na ni cha kazi: donge likikupanda, sema kwanza unachokijua juu ya maji. Sema kwa sauti, mbele ya watu. Donge litakungoja, halina haraka. Maji ndiyo yenye haraka.

Odette aliongea siku ya kuniaga, mliwasikia wote wakipiga makofi. Alisema nilimfundisha maji. Hakusema zaidi. Mimi ndiye ninayesema zaidi, hapa, kwa kuwa yeye hatasema kamwe, na ninyi mtakuja kufundishana na kuoneana donge kama watu wote.

Jana nilirudi, kwa mara ya kwanza kama mgeni. Nilikaa kwenye benchi chini ya maegesho. Baba mmoja kijana alikuwa na binti yake wa miaka sita hivi. Alinisikia nikiongea kwenye simu, akajua tumetoka upande mmoja.

"Papa, wewe ni wa hapa?"

"Nilifanya kazi hapa."

"Ni wewe ulitengeneza hii njia? Huyu mtoto hataki kurudi nyumbani kwa sababu yake."

Neno "ndiyo" lilikuwa tayari mdomoni. Hakuna ambaye angelijua. Lilikuwa tamu, nililionja.

"Aliichora mama mmoja anaitwa Odette," nikasema. Jina lile liliniuma kulitoa, mpaka leo linaniuma. "Ni Mrundi. Yuko pale juu, ofisini. Nenda umsalimie."

Mtoto alinitazama chini ya kofia yake. "Na wewe ulifanya nini?"

"Nilichimba. Na pale chini ya kibonde, maji yanapita ndani ya mawe. Hiyo ndiyo kazi yangu."

Akainama mpaka kidevu kikagusa usukani, akatafuta kwa macho.

"Mimi sioni kitu," alisema.

"Ndivyo inavyotakiwa," nikamwambia, naye akasukuma kanyagio akashuka.